Baisikeli Isiyokwenda

Katika mabishano ya wapanda baisikeli wa siku hizi, liko moja ambalo halichoki kurudi. Upande mmoja husema kwamba mtu aliyeketi juu ya baisikeli iliyofungwa chumbani, akakanyaga pedali saa nzima bila ya kusogea hata hatua moja, hakuendesha baisikeli. Amenyoosha miguu tu, sawa na mtu arukaye kamba. Upande wa pili hujibu kwamba jasho ni jasho, na kwamba moyo unaopiga kwa nguvu chumbani ni ule ule upigao barabarani. Mabishano haya yaonekana madogo, na aghalabu huchukuliwa kwa mzaha. Lakini ndani yake mna swali zito: kitu chaweza kupungukiwa na mambo mangapi kabla hakijapoteza jina lake? Tena wako watu ambao jibu la swali hilo huwapa, au huwanyima, sifa na zawadi na haki ya kuitwa wenzi katika mchezo wanaoupenda.

Lugha ya Kiswahili yaelekea kulikata shauri hili kabla halijasikilizwa. Neno kuendesha limetokana na kwenda, na maana yake ni kufanya kitu kiende. Anayeendesha gari hulifanya gari liende. Anayeendesha punda humfanya punda aende. Baisikeli isiyokwenda, basi, haiendeshwi. Hivyo ndivyo sarufi inavyohukumu. Lakini lugha hiyo hiyo ina neno la pili, kupanda baisikeli, nalo halidai safari. Aliyepanda amepanda, kama vile abiria aliyepanda chombo huwa amepanda hata kabla nanga haijang'olewa. Mwenye kutegemea maneno peke yake hupata ushahidi wa pande zote mbili. Hapana budi, kwa hiyo, kuiuliza historia.

Jawabu la kwanza la historia si la kutazamiwa: mtambo wa chumbani ulitangulia baisikeli. Mwaka 1796, mjini London, Francis Lowndes alipewa hati ya uvumbuzi wa mtambo aliouita Gymnasticon. Ulikuwa na vikanyagio vya miguu na mikono ya kuzungushwa, ili mwenye maradhi ya viungo apate kuutumikisha mwili wake bila ya kutoka nyumbani. Ilipita miaka 21 ndipo Karl von Drais, mtu wa Baden katika Ujerumani, alipotoka Mannheim tarehe 12 Juni 1817 juu ya chombo chake cha magurudumu mawili. Chombo hicho kilikwenda, lakini hakikuwa na pedali. Mpandaji aliisukuma ardhi kwa nyayo zake. Kwa muda wa karibu miaka 50, basi, walimwengu walikuwa na mtambo wa kukanyaga usiokwenda na chombo cha kwenda kisichokanyagwa. Vitendo hivi viwili vilikutana katika chombo kimoja mjini Paris katika miaka ya 1860, na hapo ndipo ilipoanza baisikeli tuijuayo. Asemaye kwamba kukanyaga bila ya kwenda ni uzushi wa juzi amesahau kwamba ulikuwako kabla ya baisikeli yenyewe.

Mara tu pedali zilipofungwa, baisikeli iliingia ndani. Majira ya baridi ya mwaka 1868 na 1869, katika New York na miji mingine ya Marekani, zilifunguliwa kumbi nyingi za kufundishia upandaji. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Magurudumu ya siku zile yalikuwa ya mti yaliyovishwa pete za chuma, barabara zilikuwa za mawe na matope, na Waingereza walikiita chombo hicho kwa jina lenye maana ya kitikisa mifupa. Sakafu laini ya ukumbi ilikuwa rehema. Wakati huo huo wengine walikwenda njia ya pili. Tarehe 7 Novemba 1869 wapandaji walitoka Paris kwenda Rouen, mwendo wa kilomita zipatazo 123, naye James Moore, Mwingereza aliyekulia Ufaransa, akashinda baada ya saa 10 na zaidi njiani. Katika mwaka mmoja, basi, wako waliozunguka ukumbini na wako waliokata nchi, na wote wawili walihesabiwa kuwa watu wa chombo kimoja. Ukumbi na barabara ni ndugu waliolelewa pamoja.

Ukumbi ulikua ukawa uwanja wa mashindano. Mwaka 1878, ndani ya Agricultural Hall mtaani Islington, London, David Stanton aliweka shindano la fedha kwamba ataendesha maili 1,000 katika siku sita, akazimaliza kabla ya muda wake. Kutoka hapo zilizaliwa mbio za siku sita. Zilivuka bahari, na tangu mwaka 1891 zikawa sherehe kubwa ya Madison Square Garden katika New York. Wapandaji walizunguka chini ya paa usiku na mchana, wakilala kidogo kuliko mahitaji ya mwili, mpaka baadhi yao wakaanza kuona mambo yasiyokuwapo. Charles Miller, mshindi wa mwaka 1897, alitimiza zaidi ya maili 2,000 katika juma moja, na mwisho wa siku ya sita alikuwa katika jengo lile lile alimoanzia. Ukatili wa mbio hizo ulitia watu uchungu, hata mwaka 1898 sheria ya New York ikakataza mpandaji mmoja kushindana zaidi ya saa 12 kwa siku. Wenye viwanja waliijibu sheria hiyo kwa kuwafunga watu wawili wawili, mmoja akipumzika na mwenzake akizunguka. Na mtindo huo wa kupokezana ungali ukichezwa hata leo kwa jina la ukumbi ule ule.

Jambo la kuangaliwa hapa ni hili. Miller hakufika popote. Hakupigwa na mvua, hakupanda kilima, hakukutana na gari la farasi njiani. Na juu ya hayo yote hakuna aliyesema kwamba hakuendesha baisikeli. Kwa hiyo paa si kiasi cha kulipima jambo hili, wala kufika mahali si kiasi chake. Viwili hivi vilikwisha ondolewa katika shauri zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa ridhaa ya watu wote.

Katika ukumbi huo huo, mwezi wa Desemba 1896, alianza kazi yake ya malipo kijana mweusi wa miaka 18, Marshall Taylor, aliyeitwa Major. Miaka miwili kabla yake, chama kikubwa cha wapanda baisikeli wa Marekani kilikuwa kimepitisha kanuni ya kuwakataa watu weusi wasiwe wanachama. Taylor alifungiwa mlango wa chama, lakini hakuweza kufungiwa mwendo wake. Mwaka 1899, mjini Montreal, akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi. Kanuni ile haikufutwa rasmi mpaka mwaka 1999. Kisa hiki chafaa kukumbukwa kila mara watu wakaapo kuamua nani ni mpanda baisikeli wa kweli na nani si wa kweli. Mara nyingi mpaka huchorwa kwa maneno ya mchezo, kumbe mchoraji hakuwa akiutazama mchezo, bali alikuwa akiwatazama watu.

Yako mambo mawili, hata hivyo, ambayo uwanja wa mviringo haukuyaondoa: mpandaji alisogea, na upepo ulimpiga uso. Haya yaliondolewa na mtambo mwingine uliopata nguvu mwishoni mwa karne ya 19. Mapipa matatu membamba huwekwa juu ya kitako cha mti au chuma, mawili chini ya gurudumu la nyuma na moja chini ya gurudumu la mbele. Mpandaji huiweka baisikeli yake juu ya mapipa hayo, na anapokanyaga, mapipa huzunguka chini yake naye hubaki palepale. Mapipa hayo yaliletwa katika majukwaa ya michezo ya kuigiza. Watu wawili walikanyaga ubavu kwa ubavu, na juu yao uso mkubwa kama wa saa uliwaonyesha watazamaji, kwa mishale ya rangi mbalimbali, umbali ambao kila mmoja angalikwisha kuukata kama angalikuwa anakwenda. Katika Uingereza mashindano haya yalipendwa sana hata miaka ya 1950, yakifanywa katika kumbi za dansi na sinema wakati wa baridi, barabara zilipokuwa na barafu.

Hapo ndipo neno kuendesha lilipoingia katika mtihani. Mtu wa mapipa hasogei. Lakini asidhaniwe kwamba amepumzika katika kila jambo. Baisikeli yake haikushikwa na chochote. Akiyumba huanguka, kama vile angeanguka njiani, na wako wasemao kwamba mapipa humfunza mtu kwenda sawa kuliko barabara yenyewe. Kilichoondoka si usawa wa mwili, kilichoondoka ni upepo. Na upepo si jambo dogo. Katika nchi tambarare, mpandaji akifikia mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zake huliwa na hewa iliyo mbele yake. Tena deni hilo halikui kwa hatua sawasawa: atakaye kuuzidisha mwendo wake mara mbili hutakiwa kulipa hewa nguvu mara nane. Ndiyo maana mtu wa mapipa huonekana kwenda kwa kasi isiyoaminika. Yeye hana mdai.

Jambo hili lilidhihirishwa na Charles Murphy tarehe 30 Juni 1899 katika Long Island, karibu na New York. Mbao zilitandazwa baina ya vyuma vya reli, na nyuma ya behewa la mwisho la gari-moshi kikajengwa kibanda cha kukinga upepo. Murphy alipanda baisikeli nyuma ya kibanda hicho, akakata maili moja kwa nukta 57 na sehemu nane za kumi. Dunia ilistaajabu, na tangu hapo akaitwa mtu wa maili kwa dakika. Hapana shaka kwamba Murphy alikwenda, tena karibu apoteze maisha yake. Lakini ukitazama kwa makini, alikuwa amepewa chumba kinachotembea. Aliendesha baisikeli ndani ya nyumba, ila nyumba yenyewe ilikuwa ikikimbia. Wakosoaji wa chumba wakimkubali Murphy, na hawana budi kumkubali, wamekwisha kubali kwamba upepo nao si sharti la lazima.

Wakati wachezaji walipokuwa wakifanya mashindano, wataalamu walikuwa na haja nyingine na baisikeli isiyokwenda. August Krogh, mtaalamu wa Copenhagen ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya mwaka 1920, alieleza mwaka 1913 juu ya baisikeli aliyoitengeneza ili kupima kazi ya mwili. Breki ya sumaku ililizuia gurudumu kwa kiasi kinachojulikana, na pumzi ya mpandaji ikapimwa pamoja na kazi yake. Chumba, kwa Krogh, hakikuwa badala ya barabara. Kilikuwa mahali pa kuondolea mambo yanayochanganya hesabu, yaani upepo, kilima, joto na baridi, ili ibaki kazi peke yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1986, Mjerumani Ulrich Schoberer alianza kutengeneza kipimo kinachofungwa penye pedali na kuhesabu nguvu za mpandaji kwa wati akiwa njiani. Tangu hapo barabara na chumba vimekuwa na mizani moja. Wati 250 za chumbani ni wati 250 za mlimani. Katika hesabu ya kazi, upande unaotetea chumba umeshinda na hauna haja ya kuendelea kupiga kelele. Tena waweza kuongeza kwamba kazi ile ile chumbani huwa nzito zaidi mwilini, maana hapana upepo wa kukausha jasho, na moyo hulazimika kuupoza mwili na kuutumikisha kwa wakati mmoja.

Karne ya 21 iliunganisha mambo haya yote kwa intaneti. Mtambo wa chumbani ulipewa uwezo wa kujikaza mpandaji afikapo kilima kilichochorwa katika kioo mbele yake, na kujilegeza ateremkapo. Zwift, programu iliyopata umaarufu kuliko nyingine, ilianza mwaka 2014. Watu walio katika nchi mbalimbali huonana kama vinyago juu ya kioo na kushindana. Wengi waliona kuwa ni mchezo wa watoto mpaka ulipofika mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoenea, serikali za Hispania na Italia ziliwawekea watu vikwazo vikali vya kutoka nje hata kwa mazoezi, na mabingwa wa dunia wakajikuta wamefungwa majumbani pamoja na watu wote. Mashindano ya Tour de France yaliahirishwa mpaka tarehe 29 Agosti, na mwezi wa Julai yakafanywa mashindano ya mfano katika kioo. Tarehe 9 Desemba mwaka huo, shirikisho la baisikeli la dunia lilifanya mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa namna hii. Wanaume na wanawake walipewa umbali ule ule, kilomita 50. Kwa wanawake alishinda Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika ya Kusini, mpandaji wa barabarani aliyejulikana sana. Kwa wanaume alishinda Jason Osborne wa Ujerumani, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga makasia.

Ushindi wa Osborne ulitumiwa na pande zote mbili kama ushahidi. Walioukataa mchezo walisema: tazameni, bingwa wa dunia ni mpiga makasia; hii si baisikeli, ni kipimo cha mapafu. Walioukubali walijibu: amewashinda wapanda baisikeli kwa kukanyaga pedali, na kama hiyo si baisikeli ni nini? Historia haikuchelewa kutoa ushahidi mwingine. Mwaka 2022 ubingwa huo ulichukuliwa na Jay Vine wa Australia, mtu aliyepata kazi yake katika kikosi cha barabarani kwa kushinda mashindano ya kuchagua vipaji yaliyofanywa chumbani. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Vine alishinda hatua mbili za Vuelta a España, zote mbili zikiishia kileleni mwa mlima. Milima ya kweli ilikuwa imeithibitisha hesabu ya milima iliyochorwa. Katika hatua ya 18 alianguka barabarani, akatoka katika mbio akiwa bado anavaa jezi ya mpanda milima bora. Huanguka pia waliokulia barabarani, na haingekuwa haki kulitia chumba lawama kwa kuanguka kwake. Lakini hakuna aangukaye hivyo chumbani, na hiyo ni tofauti ambayo hapana wati zinazoweza kuifuta.

Iko tofauti nyingine, isiyosemwa sana, nayo ni ya uaminifu. Barabarani mlima humpima mtu bila ya kumwuliza. Mwenye kilo 80 hupanda na kilo 80 zake, apende asipende. Mlima wa kioo huamini aliloambiwa. Mtu akiandika kilo 70, humpandisha kama mtu wa kilo 70. Ndiyo maana wenye mashindano hayo wamelazimika kuwataka washindani wajipime mbele ya kamera na kuleta ushahidi wa mitambo yao. Mwaka 2019 bingwa wa Uingereza wa mashindano ya namna hii alinyang'anywa taji lake, kwa kuwa ilibainika kwamba alitumia programu ya kuigiza mwendo ili ajipatie baisikeli ya kioo iliyo bora. Hata hivyo asije mtu wa barabara akacheka sana. Katika Tour de France ya mwaka 1904 mshindi na watatu waliomfuata walifutiwa nafasi zao kwa udanganyifu, na mwaka 2016, katika ubingwa wa dunia wa baisikeli za matope uliofanyika Ubelgiji, ilionekana mota iliyofichwa ndani ya baisikeli. Uongo haukuzaliwa chumbani. Chumbani umepata njia mpya tu.

Hata hapa ushahidi ni wa vitu vilivyokaa mbalimbali: chumba huku na barabara kule. Kiko kisa kimoja ambamo vilikutana ndani ya mtu mmoja, nacho chafaa kuelezwa kwa utulivu. Mwezi wa Februari 2016 Mathew Hayman wa Australia, mwenye umri wa miaka 37, alianguka katika mbio za Omloop Het Nieuwsblad huko Ubelgiji akavunjika mfupa wa mkono. Ilikuwa ni wiki sita tu kabla ya Paris–Roubaix, mbio zilizoanza mwaka 1896, ambazo hupita juu ya sehemu nyingi za njia za mawe ya kale na kuwatikisa watu hata viganja vikachubuka. Hayman alizipenda mbio hizo kuliko nyingine zote. Alikuwa amezikimbia mara 14 asipate kushinda hata mara moja. Msemo wa Waswahili ni kwamba penye nia pana njia. Hayman alikuwa na nia, lakini njia hakuwa nayo, kwa sababu mkono uliofungwa plasta hauwezi kushika usukani barabarani. Aliingia katika banda la gari nyumbani kwake, akaifunga baisikeli juu ya mtambo, akaegemeza mkono mgonjwa juu ya ngazi, na kwa wiki kadhaa akakanyaga mbele ya kioo.

Tarehe 10 Aprili 2016 alisimama katika mstari wa kuanzia. Hakuna aliyemtaja miongoni mwa watakaoshinda. Alitangulia mapema pamoja na kundi dogo, akafikiwa na mabingwa, akaachwa, akarudi. Mwishoni walibaki watu watano, na mmoja wao alikuwa Tom Boonen wa Ubelgiji, aliyekwisha zishinda mbio hizo mara nne na kutaka ya tano. Waliingia pamoja katika uwanja wa mviringo wa Roubaix, na hapo, baada ya kilomita zaidi ya 250, Hayman akampita Boonen akashinda. Uso wake ulionyesha kwamba yeye mwenyewe hakuyaamini macho yake.

Kisa hiki kilitangazwa kama ushindi wa chumba, na kwa sehemu ni kweli. Bila ya banda lile miguu ya Hayman ingalilala wiki nyingi na asingalifika Roubaix hata kwa nafasi ya mwisho. Lakini chumba kilimpa nini hasa? Kilimhifadhia nguvu. Hakikumfundisha jiwe lipi hukwepwa na lipi huparamiwa, wala namna ya kulegeza mikono juu ya mawe ili baisikeli ijitafutie njia, wala saa ya kungoja na saa ya kukurupuka. Hayo aliyapata katika mbio 14 za nyuma, kwa kuanguka na kuinuka. Chumba kilikuwa ghala, na barabara ilikuwa shamba. Hakuna awezaye kula mavuno ambayo hakuyalima. Wala hakuna mavuno yadumuyo bila ya pa kuyaweka. Ushindi wa siku ile ulikuwa wa vyote viwili, na mwenye kutaka kuvitenganisha hana budi kumkata Hayman vipande viwili.

Sasa hukumu yaweza kukaribiwa. Uendeshaji wa baisikeli si jambo moja, ni mambo yaliyofungwa pamoja: kazi ya miguu, usawa wa mwili, ushindani na hewa na ardhi, hatari, na safari. Historia yaonyesha kwamba kila moja la mambo haya limepata kukosekana mahali fulani, na jina likabaki. Safari ilikosekana Madison Square Garden. Hewa ilikosekana nyuma ya gari-moshi la Murphy. Hata kazi ya miguu hukosekana kwa mtu ateremkaye mlima akitulia. Basi halitoki swali la ndiyo au siyo. Latoka swali la kiasi. Mtambo wa chumbani ni uendeshaji uliobakiwa na fungu moja kubwa, yaani kazi, na kupokonywa mafungu mengine karibu yote. Kuuita si kitu ni kumdhulumu Hayman, na mgonjwa wa moyo anayefuata amri ya daktari, na asiyeona, ambaye barabara ya peke yake haimwezekani. Kuuita sawasawa na barabara ni kumdhulumu mtu wa barabara, ambaye amelipa gharama ambazo mtu wa chumbani hakudaiwa.

Tena wako waendeshaji wengine ambao mabishano haya huwasahau. Katika Afrika ya Mashariki baisikeli haikuingia kwanza kama mchezo. Ilibeba maziwa, ndizi, mkaa, mitungi ya maji na wagonjwa; na tangu miaka ya 1960, katika mpaka wa Kenya na Uganda penye Busia, ilibeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hata cha pili, mpaka kazi hiyo ikapata jina la boda boda ambalo sasa laitwa na pikipiki. Mtu huyo ukimpa mtambo wa chumbani, hata uwe wa thamani gani, hukumpa kitu, maana mzigo wake utabaki mlangoni. Kwake yeye kwenda si fungu mojawapo la uendeshaji. Ndio uendeshaji wenyewe. Na mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, katika vilima vya Kigali, watu walijipanga kando ya barabara kwa maelfu kuwaona wapandaji kwa macho yao wenyewe. Barabara ni ya anayekwenda na ya anayemtazama akienda. Chumba hakina kando ambapo jirani aweza kusimama.

Kwa hiyo sarufi ya Kiswahili haikukosea, ila ilisema ukweli wa mahali ilipokua. Watu waliolipa tendo hili jina la kuendesha walikuwa na haja ya kitu kiende, na kifike. Wale wa kumbi, mapipa na vioo walikuwa na haja nyingine: kupima, kupona, kungoja baridi ipite, kushindana na mtu aliye ng'ambo ya bahari. Majina hufuata haja za watu. Mtu wa chumbani, basi, ni mpanda baisikeli bila ya shaka, wala hapana mwenye haki ya kumfungia mlango. Jina la mwendeshaji atalipata siku atakapofungua mlango ule mwenyewe, aitoe baisikeli uani, na kuacha barabara impime bila ya kumwuliza uzito wake.